Aliomba Kibaigwa

Generosa aliomba kupelekwa Kibaigwa, akapelekwa Kopenhagen. Haya, cheka ukitaka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kibaigwa si mbali na Dodoma. Unapanda basi la asubuhi, na kabla hujamaliza karanga zako umeshafika kwenye soko la mahindi. Huko, nyumbani kwa kina Obedi mumewe, ndiko alikozikwa mtoto wao wa kwanza, binti aliyeishi usiku mmoja tu. Generosa hakuwepo mazikoni. Alikuwa bado wodini na mshono wake wa tumbo, na alipopata fahamu sawasawa aliambiwa mambo yameshakwisha, mtoto mchanga hawekewi matanga, ajikaze, Mungu atampa mwingine.

Alijikaza mwaka mzima, jamani. Kila aliposema, "Obedi, nipeleke nikaone kaburi," Obedi alijibu, "Tutakwenda." Tutakwenda likizo ikifika. Tutakwenda mvua zikikatika. Alijua kupiga chenga mwanaume huyo! Kisha wizarani kwake wakamteua kwenda semina Denmaki, naye akatangaza mbele ya majirani wa mtaani kwao Mkonze, Dodoma, kwamba anamchukua na mkewe akabadili hewa. Majirani wakapiga vigelegele. Generosa akakosa pa kukataa.

Hewa yenyewe, basi! Ilikuwa Januari, semina imekwisha, wamebakiza siku za kutembea mjini, na jua la huko lilikuwa likichungulia kidogo na kuondoka kama mgeni aliyeudhiwa. Obedi alimtembeza kwenye majumba ya wafalme na kando ya mifereji iliyoganda, akimpiga picha kila kona. "Tabasamu basi, mke wangu!" Generosa alitabasamu. Vidole vya miguu alikuwa havisikii tena, na hasira aliyoibeba kifuani ndiyo ilikuwa kitu pekee chenye joto.

Siku hiyo, saa kumi tu ya jioni na giza limeshaingia, Obedi aliingia mgahawani kununua kahawa. Generosa alibaki nje kwa sababu hakutaka kukaa naye meza moja. Hapo ndipo alipokiona kigari cha mtoto kando ya mlango, theluji ikikiangukia kifuniko. Akainama. Ndani mlikuwa na mtoto mzima kabisa, pua nyekundu, peke yake, na alikuwa ameanza kulia.

Watu walipita, hakuna aliyegeuka. Sasa wenyeji wa kule wana desturi yao: mtoto hulazwa nje apate hewa safi, kafunikwa vizuri, na mama yuko ndani anakunywa kahawa huku akimtupia jicho dirishani. Nani angemwambia Generosa hayo? Kwa macho ya mtu wa Mkonze, mtoto aliyeachwa kwenye barafu ametupwa. "Mungu wangu, wamemtupa!" akasema kwa sauti. Akavua koti, akafungua kitenge alichojifunga ndani kuzuia baridi, akamtoa mtoto, akamweka mgongoni, akakaza fundo kifuani, kisha akawafunika wote wawili kwa koti. Mtoto akanyamaza. Generosa akaanza kutembea hapohapo mlangoni, huku na huku, akimbembeleza, na uzito ule mdogo ukampasua roho, maana wa kwake hakuwahi kumbeba.

Mama wa mtoto alitoka mbio bila koti, akapiga ukelele uliosimamisha baiskeli barabarani. Generosa alimwonea huruma. Alitaka kumpa pole, kama sisi tunavyopeana pole kwa jambo lolote, hata mtu akijikwaa mwenyewe, na kwa Kiingereza chetu cha shuleni pole ni "sori". Basi akasema, "Sori, dada, sori sana." Loh! Kwa yule mama huko kulikuwa ni kukiri: mwizi wa watoto kakamatwa na anaomba radhi mwenyewe. Mwanaume mmoja akamkamata Generosa mkono, mwingine akatoa simu kuita polisi.

"Fungua, Generosa! Mpe mtoto wake!" Obedi alikuwa ametoka, kahawa zinammwagikia mikononi.

"Walimtupa."

"Hajatupwa! Ni desturi yao. Mpe, tutafungwa!"

Generosa alitaka kufungua, vidole vikakataa. Alilishika fundo kwa mikono miwili akitikisa kichwa, na machozi aliyokatazwa Dodoma yakamtoka mbele ya Wazungu. Obedi akamweleza yule mama kwamba mkewe alifiwa na mtoto, na hakumwona akizikwa. Yule mama akasogea, akaweka mikono yake juu ya mikono ya Generosa, wakalifungua fundo pamoja. Mtoto alikuwa amelala. Mwenye simu akairudisha mfukoni.

Walipobaki wawili, Generosa hakumung'unya maneno. "Wazungu umewaambia. Mimi je? Kaburi la mwanangu liko wapi, Obedi?"

"Kibaigwa, nyumbani."

"Nyumbani sehemu gani?"

Obedi akaangalia viatu vyake. "Sijui," akasema. "Sikwenda. Nilimkabidhi shangazi Restuta pale hospitali. Akamfunga mgongoni, akapanda naye basi kama mtoto aliyelala. Niliogopa, Generosa. Baadaye nikaona haya hata kumuuliza."

Mwaka mzima wa tutakwenda, kumbe kiongozi wa safari mwenyewe njia haijui! Generosa angeweza kumzaba kibao. Badala yake alimnyang'anya simu, akampigia shangazi.

"Shikamoo, shangazi. Ni mimi, mke wa Obedi."

"Marahaba, Mama Evodia," ikajibu sauti kavu, na nyuma yake kuku wakasikika. "Afadhali umepiga."

"Evodia ni nani, shangazi?"

"Si mwanao? Katekista alitaka jina, na baba yake hakuwepo wa kuulizwa. Yuko hapa nyuma ya jiko, nimemzungushia mawe mbuzi wasimkanyage. Kila siku nawaza, hivi hawa hawatakuja kumwona?"

Generosa akakaa chini palepale kwenye theluji, simu sikioni. Obedi akanyoosha mkono amwinue. Akausukuma.

"Tunakuja, shangazi," akasema. Kisha akajisahihisha. "Nakuja."