Katibu wa Maji

Champa alifika nyumbani kwa dada yake Lila, mtaa wa Harrow, London, mwezi wa tano, na masanduku mawili na neno moja: nimechoka. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa na msiba mpya. Mumewe Mahendra alikuwa amekufa miaka minne nyuma na machozi yake yalishakauka. Alichokichoka ni mji.

Miaka thelathini alikaa Hounslow, upande mwingine wa London, akipanga trei za vyakula vya abiria kule uwanja wa ndege, Mahendra akiendesha basi. Walipostaafu Mahendra akataka jua. Wakanunua flati Pune, India, ghorofa ya nne, ukingoni kabisa mwa mji, dirisha likitazama mashamba ya miwa. Mwaka wa pili miwa ikang'olewa. Wa tatu yakaanza kuota majumba. Kufika mwaka wa nane, Champa akifungua dirisha asubuhi anaonana uso kwa uso na mwanamume wa jumba la pili anayepiga mswaki, na wote wawili wanajifanya hawajaonana.

Mjenzi aliwauzia watu flati themanini na ahadi ya bomba la maji. Flati zilikuja, bomba halikuja. Maji yakawa yanaletwa na maboza, yale malori ya tangi, mara tatu kwa wiki, na kila boza na kisa chake: leo dereva kapotea, kesho mpira umepasuka, keshokutwa maji kapelekewa jirani. Barabara ya mbele ya geti ilichimbuliwa mara nne ndani ya mwaka mmoja. Wa nyaya za simu akifukia, wa gesi anafukua. Pikipiki zilipanda njia ya waendao kwa miguu zikampigia honi yeye, kana kwamba yeye ndiye aliyepotea njia.

Kwa kuwa alikuwa hodari wa kupanga na hakuogopa makarani, wakazi wenzake wakamfanya katibu wao. Miaka sita Champa aliyafukuzia maboza kwa simu. Mpaka siku moja akakaa saa tano kwenye benchi la ofisi ya mjenzi akimsubiri mtu ambaye hata mjini hakuwemo. Akarudi, lifti imekwama. Akapanda ngazi ghorofa nne, akafungua bomba la jikoni. Likakohoa mara mbili, likanyamaza. Champa akakaa sakafuni, akalia kama mtoto, kisha akampigia Lila.

"Njoo," Lila alimwambia. "Mie goti wamenibadilisha, wanangu wote wako Manchester, nyumba inalia mwangwi. Njoo tuzeeke pamoja."

Walizaliwa Unguja, Lila na Champa, wakatolewa huko wadogo mwaka ule baada ya mapinduzi, na mama yao akawapitisha Mombasa mpaka London. Kigujarati kilikuwa lugha ya mama na ya maombi. Kiswahili kilibaki lugha yao wenyewe wawili, ya mzaha na ya kugombana.

Wiki za mwanzo Champa alikuwa akifungua bomba bila sababu, kulisikia tu. Alikaa kituo cha basi akaona ubao unasema dakika tatu, na dakika tatu zikipita basi linakuja. Akacheka peke yake hadi mwanamke wa pembeni akasogea. Lakini mara tatu kwa wiki, saa moja asubuhi, chai ikiwa ndiyo kwanza inamiminwa, simu yake ililia. Kule Pune ni saa ya boza. Aliyepiga ni Madhu, mshonaji wa ghorofa ya pili, mwanamke mpole asiyeweza hata kumkatalia muuza mboga, aliyemwita Champaji kwa heshima.

"Champaji, boza halijaja. Nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Nampigia dereva mwenyewe."

Akampigia. Akagomba kwa Kimarathi, akabembeleza kwa Kihindi, chai ikapoa.

"Hebu nambie," Lila alimuuliza siku moja. "Umekuja London, au umenihamishia Pune jikoni kwangu?"

"Hawana mtu mwengine, dada."

"Watu familia themanini, hawana mtu?"

Champa akamimina chai nyingine.

Mwaka huo jua la London lilikuwa kali mpaka nyasi zikageuka rangi ya kamba. Jumamosi moja ya mwezi wa saba, Champa alifungua bomba la jikoni ajaze birika, na bomba likakohoa.

Angeweza kukitambua kikohozi kile usingizini. "Dada! Jaza sufuria! Jaza kila kitu!" Akapanda juu mbio, akafungulia bafuni, na yale maji machache yaliyobaki kwenye tangi la darini yakashuka yakafika robo ya beseni la kuogea kabla hayajakata.

"Unababaika nini?" Lila alipiga kelele toka chini. "Hapa London bwana. Saa moja tu yatarudi."

Bomba kuu lilikuwa limepasuka chini ya barabara kubwa. Kampuni ya maji ilituma ujumbe: yatarudi jioni. Jioni ikasema kesho adhuhuri. Kesho yake, Jumapili, ikasema inasikitika. Chupa za maji zilikuwa zikigawiwa kwenye uwanja wa magari wa duka moja, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na mwenye kuumwa angeletewa mlangoni, ikiwa jina lake limo katika orodha ya kampuni. La Lila halikuwemo. Hakujua hata kama kuna orodha.

Champa alisimama dirishani akautazama mtaa. Watu walikuwa wanatoka milangoni, wanatazama kushoto, wanatazama kulia, wanarudi ndani. Wameishi ubavu kwa ubavu miaka ishirini na hakuna aliyejua amgongee nani. Akachukua daftari, akavaa viatu. Simu ikalia mfukoni, Madhu. Akaizima sauti.

Nyumba iliyoungana na ya Lila alikaa mzee mmoja wa Kisingasinga, Jaswant, mjane, sikio moja limekufa na la pili linaelekea huko. Champa aligonga mpaka mkono ukamuuma. Mzee akafungua, spana mkononi, suruali imelowa magotini. Alidhani ni bomba lake peke yake lililoziba. Tangu jana alikuwa chini ya sinki akilifungua vipande vipande. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Champa akamweleza kwa Kiingereza, kwa sauti ya juu, kwamba mtaa mzima hauna maji. Mzee akatikisa kichwa, akaigeukia spana, akaiambia:

"Hii kitu inanisumbua bure siku mbili!"

Champa akamsogelea sikio lililobaki. Kisha akasema, polepole na kwa nguvu, "Mzee, kumbe unasema Kiswahili?"

Jaswant alimtazama kama aliyemsikia kwa mara ya kwanza, na labda ndivyo. "Mimi ni mtu wa Nakuru, mama. Karakana ya reli. Wewe je?"

"Unguja!"

"Eh! Basi ingia, usisimame hapo kama polisi. Lakini chai hakuna."

Champa alikuwa mlangoni akimpa maji ya kunywa kutoka sufuria za Lila wakati gari liliposimama mbele ya nyumba ya pili yake. Akashuka Njeri, nesi, mwanamke mrefu wa Thika, sare ya kazi bado mwilini, anatoka zamu na hajui lililotokea. Akawasikia. Akaacha mlango wa gari wazi, akaja mpaka getini.

"Ngojeni kwanza," alisema. "Nyinyi wote wawili mnaongea Kiswahili? Mzee, miaka kumi na moja nakuambia 'morning' kila siku, na wewe unaniambia 'morning'!"

"Hukuuliza," alisema Jaswant.

Njeri akacheka akashika geti. Kisha Champa akamweleza habari ya maji, na kicheko kikamwishia. Hakwenda kulala. Aliwatoa wanawe wawili kitandani, akatoa viti vya nyuma vya gari, wakaenda kuchukua chupa. Wanawe walisemeshwa Kiswahili wakajibu Kiingereza, lakini walibeba.

Champa alipita nyumba thelathini na moja. Aliandika nani mzee, nani ana kitoto kichanga, nani hawezi kutembea, nani ana gari. Watu kumi na wawili hawakuweza kutoka. Akapiga simu kampuni ya maji. Miaka sita ya Pune ilikuwa imemfundisha mambo: usigombe na anayepokea, muulize jina lake, andika saa, omba mkubwa wake, akikuambia utapigiwa, mwambie usijali, nitapiga mimi baada ya saa moja. Na baada ya saa moja piga. Mara ya sita akapewa mtu mwenye mamlaka, naye akaahidi lori, kwa kuwa mwanamke yule alikuwa na majina matano ya waliopokea, saa ya kila simu, na watu kumi na wawili kwa namba za nyumba zao. Alasiri ile lori likaja mpaka kona ya mtaa wenyewe, likashusha chupa.

Lila aliweka kiti getini, goti lake juu ya stuli, akashika daftari akitia alama majina. Waliokuja kuchukua maji walimsimulia habari zao, naye akawasimulia za kwake, na kufika Jumatatu alikuwa anajua ya mtaa kuliko alivyojua kwa miaka yote aliyokaa. Jaswant alikata mpira wa kumwagilia bustani, akavuta maji ya beseni la kina Lila kuyateremsha kwenye ndoo za chooni. Akamfanyia hivyo kila aliyewahi kukinga maji kabla hayajakata. Alikuwa na umri wa miaka themanini na nne, na siku zile tatu alitembea kama mtu aliyeitwa kazini.

Jumanne mchana maji yalirudi, mekundu kwanza, kisha meupe. Mtaa ukapiga makofi, kila mtu jikoni kwake, ukisikika kupitia madirisha.

Hapo ndipo Champa alipokumbuka simu. Jumapili Madhu alikuwa amempigia mara kumi na tisa. Jumatatu mara mbili. Jumanne hakupiga kabisa. Champa akaishika simu. Akapiga.

"Champaji! U mzima?" Madhu alisema, na nyuma yake mashine ya kushonea ilikuwa inakwenda kama kawaida.

"Mie mzima. Maji je? Boza?"

"Jumapili halikuja. Wewe hupokei. Nikakaa kwenye ngazi, sijui la kufanya. Mara nikaliona linapita, linakwenda jumba la pili. Nikashuka nikasimama mbele yake."

"Wewe? Barabarani?"

"Dereva akapiga honi. Nikamwambia piga, mimi sikimbii, nina nguo za arusi za kufua. Watu wakashuka wakanizunguka. Akatujazia tangi." Madhu akacheka, kama anayejishangaa. "Basi jana tukasema, mbona tumesimama mara moja na tumepata? Tukaenda kwa mjenzi, wanawake kumi na wanne, na ndoo zetu. Tukakaa kwenye ngazi za ofisi yake, wanunuzi wapya wanatupita wakituuliza ndoo za nini, tunawaeleza. Haikufika adhuhuri akatuita. Ametupa barua. Bomba litaunganishwa kabla ya mwisho wa mwaka."

"Kaandika tarehe?"

"Kaandika."

"Mmechukua nakala?"

"Tatu."

Champa alihisi kitu kikimchoma, kama mtu aliyeinuka kidogo akarudi akakuta kiti chake kimekaliwa. Ilimchukua muda kukielewa. Alikumbuka ni mara ngapi mtu alijitolea katika ile miaka sita, na kila mara alimwambia: kaa, nitafanya mwenyewe. Akaanza kucheka, akacheka mpaka Lila akaja na mkongojo kutazama kuna nini.

Tangu wiki ile Alhamisi ikawa siku ya chai kwa Jaswant. Njeri akija husema, "Niko na maandazi," na Lila humuuliza, "Uko nayo wapi? Mmeongozana?" wakabishana Kiswahili cha nani ndicho Kiswahili, Jaswant akidai cha reli ndicho kilichofika mbali zaidi.

Mwezi wa tisa, siku ya mvua, Champa alikuwa anamenya mhogo jikoni, akasema bila kuinua macho:

"Dada, nafikiri n'tarudi. Mwezi wa kumi na moja."

"Kwenye honi?"

"Kwenye honi. Na pikipiki. Na bomba, labda lije, labda wazidi kutuzungusha."

"Basi kitu gani kinakurudisha?"

Champa aliweka kisu chini. "Mie nilikuwa naubeba mji ule peke yangu, nikawa nauchukia kama mtu anavyolichukia gunia. Kumbe wa kunishika mkono wapo. Nataka kukaa nao. Ukatibu wamempa Madhu, na akikosea n'tajitia kiziwi."

"Hutoweza."

"Sitoweza. Lakini n'tajaribu."

Lila akachezea maganda. "Na mie unaniachaje?"

"Nani kakwambia nakuacha? Januari hapa jua litatoka wapi? Baridi ikikuingia gotini utalia. Njoo ukae miezi mitatu, kisha mie nije kwako kiangazi."

"Ghorofa ya nne."

"Ipo lifti."

"Lifti yenyewe inakwama!"

"Goti ni jipya, dada. La kazi gani?"

Lila akamtupia ganda la mhogo. Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akasimama, akaishusha kalenda ya ukutani. "Januari hii ndo wanaanza kutengeneza macho yangu," alisema. "Tuseme Februari."

"Februari joto halijaanza. Ndo mwezi wake."

"Basi niletee kalamu," akasema Lila.