Matusi Yangu Ni Mbolea

…na bado mdomo wa Nelima haufunguki, na maneno yenyewe ni yake, aliyaandika mwenyewe na wakubwa wa chuo wakayapitisha, jikaze, bado kidogo, unaweza, na makofi juu, kila anayepanda mashine ya kukimbilia atiwe moyo kwa maneno hayo hayo na sauti hiyo hiyo, wanaume kumi na sita waliovuka miaka hamsini, wa Kitale huku juu na wa Bungoma kule chini, wote Nelima amewapigia kelele hadi koo likamkwaruza, basi huyu wa kumi na saba ana nini, ana nini hata mikono yake Nelima ikakwama mfukoni kama ya mtu anayengoja chai, huku Kocha Wakhungu akikimbia mbele yake na barakoa ya mpira usoni, bomba la kupima pumzi, nyaya kifuani, jasho likimshuka kiparani, "Dakta, uko sawa?" ni Ian huyo kwenye kompyuta, mwanafunzi mwenzake wa uzamili, wanaitana dakta kwa mzaha na bado hawajawa, "napandisha mlima wa mashine sasa," pandisha, Nelima anasema, pandisha tu, apande Elgon mpaka aone Uganda… na Wakhungu hata hakumjua, hilo ndilo linalomchoma Nelima, asubuhi alimpa mkono, habari yako daktari, usinihurumie leo, akapita, maana yeye alimjua msichana wa kidato cha pili mwenye kichwa kipara na magoti ya kijivu, hakumjua mwanamke wa miwani na rasta, watu husema mavi ya kale hayanuki, waongo, mavi ya kale yananuka ukiwa na pua, na Nelima pua anayo, anasikia hadi leo nyasi za ule uwanja wa Bungoma, mashindano ya kaunti, utepe ule pale mbele na miguu imekuwa uji, mbingu inapinduka, shavu chini, halafu sauti ya Kocha juu yake, amka wewe, unaigiza, amka, na alipokosa kuamka sauti ikageukia timu, wasichana, mpigieni mwigizaji wetu makofi, na wakapiga, wote, hata Everlyne waliyelala naye blanketi moja, alipiga polepole akiangalia pembeni lakini alipiga… kule Lugulu daktari wa misheni alimvuta kope chini, akaona weupe, akasema, mama, huyu mtoto damu imekwisha, alikuwa anakimbia na nini, na mamake, Mama Dinah, akajibu, na kichwa ngumu, daktari, na nini tena… lakini jina halikuongezewa damu kama yeye, jina lilibaki, Mwigizaji hadi kidato cha nne, Mwigizaji kwenye foleni ya kupakuliwa githeri, ndipo akasema nitaijua hii damu, nitajua inabeba nini na ikipungua mguu unasikia nini, nitasoma mpaka asiwepo mtu wa kuniambia mwili wangu unadanganya, na akasoma, akafika hapa, na siku alipoliona jina la Wakhungu kati ya waliojitolea kupimwa alicheka peke yake chumbani kwake mtaa wa Matisi, akiwa na kisu mkononi anakata sukuma wiki, akaanza kuifanyia mazoezi hotuba yake, barakoa ikitoka tu nitamwambia, Kocha, mimi ni Nelima, yule mwigizaji wako, mimi ndiye nimekupima… "Wakhungu, umelala huko ndani?" anaita mmoja wa wazee wanaongoja zamu kwenye korido, "si ulituambia mapafu yako ni ya ng'ombe?" na wenzake wanacheka, na jicho la Wakhungu linageuka juu ya barakoa, linatafuta sauti humu ndani, halipati… kumbe ni rahisi hivi, hata hotuba haitakiwi, nyamaza tu, Daktari Nyambu anayewasimamia amewaimbia mara ngapi, asiyetiwa moyo huacha kabla nguvu za mwili hazijaisha, na namba ya pumzi inayotoka ni ya uongo, basi na itoke, arudi kwao Kimilili na pumzi ya mgonjwa kwenye karatasi, nani atajua, hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kunyamaza… na hotuba yenyewe si Wakhungu aliiharibu mwenyewe, asubuhi hii hii, Ian akimbandika nyaya naye kifua mbele akijisifu, Chelagat yule wa mbio ndefu, huyo nilimtengeneza mimi, hakimu fulani, mimi, hata wale niliowatukana, bana, wote leo ni watu, matusi yangu ni mbolea, ati mbolea, na Ian akacheka kwa adabu, na Nelima aliyekuwa nyuma yao na kipimo cha presha mkononi akaona mambo yatakavyokwenda, atamtajia jina naye atamshika mabega kwa furaha, Nelima wangu, unaona, mbolea ilishika, na jioni atakuwa hotelini Kimilili akisimulia, yule daktari wa Kitale, mimi ndiye nilimtengeneza, damu yake, miaka yake, shahada yake, vyote kwenye debe la mzee mmoja, hapana, afadhali ameze ulimi… mkono wa Wakhungu unaelea karibu na chuma cha kushikilia, akikishika basi, imekwisha, ameacha, na macho yale, Nelima anayajua, ni ya mtu aliye chini kwenye nyasi anatafuta sauti moja tu, huruma? ameitafuta huruma mifuko yote miwili, haimo, kinachomkera ni kingine, kwamba ile namba ya uongo haitabaki kwa Wakhungu, itaingia kwenye kazi ya utafiti wake yeye Nelima, ambayo hajaitia uongo hata punje, na mzee atakuwa amemwangusha mara ya pili bila hata kujua, na hapo ndipo anapokumbuka kitu anachokijua kila siku, kwamba kwenye kazi hiyo hakuna majina, wote kumi na saba na watakaofuata watachanganywa, watajumlishwa, watagawanywa, itabaki namba moja ya kati isiyo ya mtu yeyote, na Kocha Wakhungu atakaa humo kama punje ndani ya gorogoro ya mahindi, huwezi kumtambua, humo hakumtengeneza mtu, hakumtukana mtu, na jina la Nelima hatalisikia, si leo, si akivuliwa barakoa, atapewa maji na asante kama wengine, atakwenda zake akiwa hajui alikuwa mbele ya nani, na hayo ni makubwa kuliko hotuba, hayo yanashibisha, mikono inatoka mfukoni yenyewe, "Jikaze," anasema Nelima, "bado kidogo, unaweza," na anapiga makofi, kwa sauti ile ile aliyompa wa kumi na sita na atakayompa wa kumi na nane anayekohoa pale nje, na mkono wa Wakhungu unaachana na chuma, unainua kidole gumba kumshukuru daktari, na Nelima anapiga, sawasawa, hazidishi, hapunguzi, na mzee anakimbia, anakimbia…