Kibali cha Herieth

Dirisha la bima lilikuwa la mwisho kwenye korido, baada ya maabara. Watu wa foleni walikaa kwenye benchi, wakisogea kitako kwa kitako. Rozina hakukaa. Herieth alikuwa mgongoni, msichana wa miaka tisa aliyefungwa kwa khanga mbili kama mtoto mchanga, mguu wa kulia umenyooka pembeni kwa sababu haukunjiki, na kila aliyepita ilibidi akwepe asiugonge. Usaha ulikuwa umelowesha bandeji tangu kijijini kwao Pito. Harufu yake iliwafanya waliokuwa mbele wampishe, na Rozina akakubali kupishwa. Aibu ya nini, na mfupa wa mtoto unaoza?

Nyuma ya dirisha alikaa binti mmoja mpole, Sharon, sweta lake limefungwa vifungo hadi shingoni kwa baridi ile ya Julai. Akasoma kwenye kompyuta, akasoma tena. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Mama, huyu mtoto umemzaa?"

"Ni mwanangu."

"Najua, mama. Nauliza kama umemzaa wewe."

Rozina akasema alimzaa dada yake, Zita, aliyefariki siku ile ile ya uzazi. Hakuona la kuficha. Wiki iliyotangulia daktari aliuliza magonjwa ya ukoo, naye akamweleza hayo hayo. Daktari akaandika, kilichoandikwa kikafika kampuni ya bima, kampuni ikajibu. Ndilo jibu alilokuwa analisoma Sharon: mtoto si wa mwanachama, kibali cha upasuaji kimekataliwa.

Mtu wa mjini atasema, si angenyamaza tu? Angenyamazia nini? Kwa Mfipa dada wa mama ni mama, basi, hakuna mjadala. Wakala wa bima alipokuja Pito, alisimama nje ya kigango baada ya misa akawahimiza watu wajiunge kwa jumuiya, kila kaya na watoto wake. Akina mama wakaandikisha watoto wao: waliowazaa, walioachiwa na marehemu, wa shemeji, wa binti aliyekwenda Tunduma akapotelea huko. Wakala aliandika huku anatafuna mahindi yao ya kuchoma, na wala hakuuliza nani katoka tumbo la nani. Na kila msimu, wakishauza mahindi na ulezi, kampuni ilipokea michango ya watoto wote wale. Kupokea hakukuwa na maswali.

Daktari alikuwa ameshasema mambo yalivyo. Mtoto aende Mbeya, afunguliwe, mfupa ukwanguliwe. Akichelewa, mguu utakatwa juu ya goti. Akichelewa zaidi, uchafu utaingia kwenye damu, na hapo hata mguu hautakuwa na maana. Mume wa Rozina, Adolfu, alikuwa ameshuka bondeni Muze kwenye vibarua vya mpunga, na hata wangeuza shamba na nyumba, upasuaji ule usingelipika. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Mwenyekiti wa jumuiya aliitwa Redempta, mwanamke ambaye hata katekista alimwogopa. Alipomkuta Rozina analia alimwambia machozi ayaweke, yatatumika msibani kama msiba utakuja. Kesho yake akina mama wote wa jumuiya walipanda lori la mahindi, wamevaa kitenge chao cha sare, wakaenda kukaa kwenye ngazi za ofisi ya kampuni pale mjini. Walitandika mikeka. Walisali rozari. Walipomaliza kusali walipukuchua maharage, maana mikono ya mkulima haikai bure, na maganda yakapeperushwa na upepo mpaka ndani ya ofisi. Mlinzi alitaka kuwafukuza, akashindwa aanzie kwa bibi yupi.

Aliyekaa karibu zaidi na Rozina siku zote zile alikuwa jirani yake, Klementina. Yeye ndiye aliyeushika mguu wa Herieth Rozina alipokwenda kujisaidia, ndiye aliyemletea ugali. Mapajani alikuwa na Timoth, mtoto wa shemeji yake marehemu, mvulana mdogo mwenye tundu kwenye moyo, anayeishi kwa dawa za kila mwezi. Dawa zilitolewa kwa kadi ya bima hiyo hiyo. Redempta alimwambia abaki nyumbani, mtoto asipigwe na baridi. Klementina akasema leo ni Herieth, kesho ni huyu, atabakije?

Kijana mmoja wa bodaboda aliuchukua mguu wa Herieth video. Ikasambaa, ikafika Dar es Salaam. Redio ya mjini ikauliza bima ni ya nini kama mgonjwa hatibiwi. Watu wasiofahamiana wakaanza kusimulia yao: huyu mama yake alikatiwa kusafishwa figo, yule alinyimwa dawa za saratani wakati makato yanaendelea kwenye mshahara. Simu za kampuni zikawa haziwekwi chini. Aliyeshiba alianza kumjua mwenye njaa, kwa lazima.

Ndipo meneja alipomwita Rozina na mtoto. Redempta akainuka naye. Mlinzi akasema ameitwa mmoja.

Meneja aliitwa Felisian, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe, sauti ya upole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alimkaribisha kiti, akaagiza soda. Herieth akalazwa kwenye kochi, na mtu akawahi kutandika gazeti chini ya ule mguu. Felisian akaeleza kwamba yeye naye ni mtoto wa mkulima, au tuseme wa mvuvi, wa Kasanga huko, mama yake aliuza migebuka ili yeye asome. Shida anazijua. Akaigeuza kompyuta yake ili Rozina aone. Kibali kilikuwa tayari, kimebaki kubonyezwa tu. Gari la wagonjwa lilikuwa uani, dereva yumo.

Rozina akasema asante, baba, Mungu akubariki, na alimaanisha.

"Sasa na wewe utusaidie kidogo, mama. Watu huko nje wanasema tunaua watoto. Wewe unajua si kweli."

Rozina hakujua kama si kweli.

Kijana mwenye kamera aliingia. Felisian akamweleza Rozina la kusema, taratibu, kama anavyofundishwa mtoto wa komunyo ya kwanza: kwamba huyu si mwanawe, kwamba akina mama wa jumuiya waliandikisha watoto wasio wao kwa kutoelewa utaratibu, na kwamba kampuni imeona huruma na itamtibu Herieth. Basi. Maneno machache, aende zake Mbeya.

"Niseme mimi ndiye niliyekosea," Rozina akaomba. "Wenzangu niwaache."

Felisian akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Kosa la mtu mmoja linaitwa udanganyifu, mama, na udanganyifu unakwenda polisi. Kosa la wengi ni kutoelewa. Kutoelewa tunasamehe. Hapo mimi ndiyo nakusaidia."

"Na watoto wao?"

"Watoto wao tutawaelimisha wazazi."

Herieth alikuwa anatetemeka kwa homa mpaka gazeti linalia chini yake. Rozina aliwafikiria walioko nje mmoja mmoja, na watoto wao anawajua kwa majina ya ubatizo. Alimfikiria Klementina. Tusidanganyane, aliwafikiria vizuri kabisa, hakuna aliyesahauliwa. Kisha akasema yale maneno.

Mara ya kwanza sauti haikutoka sawasawa. Kijana wa kamera akaomba arudie, na safari hii ampakate mtoto, itapendeza zaidi. Rozina akampakata. "Huyu si mwanangu," akasema, na mengine yakafuata bila kukwama. Herieth alijua kuna mama mwingine. Kila Novemba walikwenda wote kupalilia kaburi la Zita, haikuwa siri hata kidogo. Lakini neno lile hakuwahi kulisikia kutoka kwenye kinywa kile. Akageuza uso akauficha kwenye kitenge cha Rozina, mahali pale pale alipozoea kuuficha.

Felisian akabonyeza.

Nje, kibali kilipotangazwa, akina mama walipiga vigelegele mpaka wenye maduka wakatoka kuangalia. Redempta, asiyelia, alilia. Klementina alivua khanga yake ya mabegani akamfunika Herieth kwa sababu ya baridi ya njiani. Rozina alipaswa kuwaambia. Alijua hivyo pale pale, na aliona nafasi ikipita, lakini gari lilikuwa linaunguruma, na mtu unaanzaje kusema jambo kama hilo katikati ya vigelegele? Akapanda. Mlango ukafungwa.

Mbeya walimfungua Herieth, wakaukwangua mfupa, mguu ukabaki. Wakati huo ile video ya ofisini ilikuwa imeshasambaa. Watu wale wale walioulilia mguu wa mtoto sasa walikuwa wamekasirika upya. Kumbe matapeli. Kumbe na rozari zao. Lisemwalo lipo, bima zinakufa kwa sababu ya watu wa namna hii. Wa figo na wa saratani hawakusikilizwa tena, maana nani ajuaye, labda nao wamedanganya. Redio ikasoma taarifa ya kampuni kuhusu huruma, kisha ikarudi kwenye mpira.

Wakafika Pito watu wa kuelimisha. Walikuja na gari zuri na maji ya chupa. Kila mtoto alitakiwa cheti cha kuzaliwa chenye jina la mwenye kadi. Asiyekuwa nacho aliondolewa, na michango iliyokwisha kulipwa haikurudishwa, kwa kuwa ililipwa kimakosa.

Rozina aliporudi na mtoto, wenzake walikuja kumpa pole ya ugonjwa, kama desturi ilivyo. Walileta unga wa ulezi, mayai, jogoo. Walimfulia, wakamwoshea vyombo, wakamsifu Herieth anavyokanyaga. Hakuna aliyeitaja video. Redempta aliongoza sala, akamshukuru Mungu kwa mguu, akaondoka kabla ya chai. Rozina alikaa akiyasubiri matusi na hayakuja. Afadhali wangemtukana, naye angepata pa kujibia, angelia, yangekwisha.

Adolfu alirudi kutoka Muze, akauliza mara moja tu ilikuwaje, na alipoona mkewe anageukia jikoni hakuuliza tena. Herieth mwenyewe alikuwa mtiifu kuliko zamani. Alichechemea na fimbo yake, akaokota kuni bila kutumwa, akashukuru kwa kila sahani ya chakula. Na alianza kumwita Rozina mama mdogo. Hakuna aliyemfundisha. Kila alipoitwa hivyo Rozina aliitika, na moyo ulimuuma kwa hatia asiyoweza hata kumwungamia padri, kwa sababu padri angemuuliza kama anajuta, naye alikuwa akiutazama ule mguu ukipona.

Timoth aliponyimwa dawa, Rozina alikwenda mjini bila kumuaga mtu. Sharon alimwambia amejaribu, kadi inakataa. Akaenda kwenye ile ofisi, akasimama getini mpaka Felisian alipotoka kwenda kula. Felisian alimwamkia shikamoo, akauliza hali ya mtoto, akafurahi kusikia anatembea. Rozina akasema amekuja kwa ajili ya mtoto mwingine. Yuko tayari kusema lolote, mbele ya kamera yoyote, kwamba alidanganya peke yake, wampeleke polisi wakitaka.

"Suala la jumuiya yenu limefungwa, mama. Na aliyetoa ushahidi ni wewe. Nchi nzima imekuona."

Akamuaga kwa heshima, akaingia kwenye gari.

Klementina alikuja Jumapili, baada ya misa. Alikuwa amembeba Timoth, midomo ya mtoto imeingia weusi, pumzi inasikika tangu mlangoni. Rozina akajua saa imefika, akaweka chini kisu cha mboga, akasimama. Klementina akamwambia akae tu.

"Mimi sikulaumu, dada," akasema. "Ningekuwa mimi, na Timoth ndiye wa kwenda Mbeya, ningesema hivyo hivyo. Nimekuja unifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Ulivyosema wakakupa kibali. Mpwa wangu ana simu nzuri, atanichukua video. Labda sisi tulichelewa tu kuomba msamaha."

Rozina alitaka kumwambia. Maneno ya Felisian alikuwa nayo kichwani, yamekamilika, kufungua mdomo tu. Lakini ukimwambia mtu kwamba mlango umefungwa, atauliza aliyeufunga ni nani. Alimtazama Timoth anavyovuta pumzi, akaona hana nguvu ya kusema. Akavuta kigoda, akakaa mbele yao.

Klementina akajiweka sawa. Akakaza kilemba, akamgeuza mtoto apakatike vizuri, akatazama ukutani, mahali simu itakapokuwa.

"Huyu si mwanangu," akasema, na hapo hapo akakwama, kwa sababu Timoth alikuwa ameinua macho anamwangalia. Akakohoa. Akamuuliza Rozina kama ndivyo, au iwe kwa nguvu zaidi.

"Usimwangalie mtoto," Rozina akamwambia. "Anza tena."