Kamba ya Ukumbi wa Brannock

...na kosa liko kwenye sentensi ya tatu, Bi. Teasley wa kamati ya kumbukumbu za jiji anaisoma polepole mezani kwangu, "mwaka 1963 mwenye klabu, Lyle Brannock, aliiondoa kamba iliyotenganisha wazungu na weusi," kisha ananitazama, "Bwana Purvis, kuna la kusahihisha kabla bango halijachongwa?", nami nakoroga kahawa... hakuiondoa yeye, kamba ilikuwa juu ya lori la baba yangu, imefunga godoro letu, kwa sababu mke wangu Odessa aliichukua Ijumaa ile mchana tulipokuwa tunahama, Odessa aliyeuza tikiti mlangoni mwa klabu na ambaye kila jioni aliifunga kamba ile katikati ya ukumbi, weusi kushoto, wazungu kulia, kama ilivyokuwa desturi ya Memphis, akasema alisahau kuirudisha, sikumwuliza mara ya pili... usiku ule nilikuwa jukwaani napiga gitaa la besi, niliona mwenyewe, nyimbo tatu nzima watu walibaki pande zao, hakuna aliyevuka hewa tupu, hadi mwimbaji wetu Cleotha akasimamisha ngoma, "Jamani, mnamngoja nani awavushe, Musa?", wakacheka, na msichana wa kizungu mwenye viatu mkononi akamwendea binamu yangu, "Dada, hiyo miguu unaizungushaje?", "Kwanza acha kuihesabu, mpenzi," na baada ya hapo hakukuwa na pande, muziki wa soul ukajaza ukumbi mzima... "Nisome tena?", "Soma, mwanangu"... kesho yake polisi wakaja, nani katoa kamba, na Brannock, mzungu ambaye mpaka siku ile sikuwahi kumwona akimpinga mtu, akajibu bila kutazama mlangoni alikokaa Odessa, "Mimi. Klabu yangu, kamba yangu," akalala rumande siku nne, madirisha ya klabu yakavunjwa, wala kamba haikurudi tena, na Odessa, mwanamke mweusi wa miaka ishirini na mbili, wangempeleka gereza la kazi ngumu mashambani, sisi watatu tulilijua hilo, tukanyamaza, na kila mwandishi alipokuja Odessa alinigusa goti chini ya meza, "Mwachie Lyle, alilala ndani kwa ajili yangu"... Lyle alikufa miaka kumi na tisa iliyopita, Odessa wiki kumi na moja zilizopita... "Bwana Purvis?"... uongo ule ulikuwa wa kumkinga mtu aliye hai, nao nimeulinda mpaka asubuhi hii kana kwamba askari angeweza kupanda ngazi na kumwulizia Odessa, na sasa waje tu, wabishe hodi, wapekue kila chumba, hawatamkuta, ndiyo mara ya kwanza naliwaza hilo hadi mwisho, hawatamkuta, mimi pia sitamkuta... kahawa bado ina mvuke, Bi. Teasley bado ameinua kalamu, na kwa kuwa hayupo naweza kumtaja...