Jagi la Dirishani

Siku Kiberiti alipopindua dawati tena, Mwalimu Mkuu aliniita ofisini akaniambia bila kuzunguka: akirudia, anaondoka shuleni moja kwa moja. Alisema huku akipanga karatasi zake mezani, kama mtu aliyekwisha kumaliza shauri.

"Wewe ni mwalimu mzuri," akaongeza, "lakini huyu mtoto ameshindikana."

Kuna maneno nikiyasikia masikio yanapata moto, na hilo ni mojawapo. "Ameshindikana kwa nani, Mkuu? Kwangu bado."

"Haya. Mpaka mwisho wa muhula."

"Mpaka mwisho wa muhula," nikasema, nikatoka haraka kabla hajabadili mawazo.

Jina la Kiberiti walimpachika walimu wenzangu, na walilitamka kwa raha zao, vikombe vya chai mkononi. Sikulipenda, ingawa siwezi kudanganya, lilimkaa. Alikuwa msichana mwembamba wa darasa la tano, mpole, mwepesi wa hesabu kuliko mimi ninayemfundisha. Halafu ghafla vitabu viko hewani na nusu ya darasa imejificha chini ya madawati. Ghafla, ndivyo sote tulivyosema. Nikaamua kuichunguza hiyo ghafla yenyewe.

Nikawa nafundisha jicho moja likiwa ubaoni na jingine kwake. Haikuwa ghafla hata kidogo. Kwanza kalamu ilisimama. Kisha kidole gumba kilianza kukwaruza ukingo wa dawati. Kisha shingo ya sweta ilivutwa mpaka mdomoni, akaing'ata. Ikifika hapo, ukimwambia "tulia" umeuwasha moto mwenyewe. Lakini kabla sweta haijafika mdomoni palikuwa na upenyo, mdogo kweli, na mimi nikasema piga ua, nitapita hapohapo.

Nilileta jagi la plastiki kutoka nyumbani, nikaliweka dirishani karibu na dawati lake. Wenzake walipotoka kwenda kucheza, nikamwomba abaki.

"Ukisikia inapanda, usiniombe ruhusa," nikamwambia. "Chukua jagi, nenda bombani, lijaze, rudi. Ukifika mlangoni sema 'nimerudi'. Mimi nitasema 'karibu'. Basi. Sitakuuliza kitu."

Alinitazama kwa mashaka. "Hata kama unaandika ubaoni, Mwalimu?"

"Hata kama naruka sarakasi ubaoni."

Hakucheka, ila mdomo ulimcheza kidogo.

Ofisini walinichambua kama mchele. "Mtoto mkorofi unampa zawadi ya kutembea," akasema mwalimu wa darasa la sita, jirani yangu wa ukuta. "Kesho wote watataka jagi."

"Wakitaka nitaleta pipa," nikamjibu.

Nisitie chumvi, mambo hayakunyooka. Kuna siku alikaa bombani mpaka kipindi kikaisha. Kuna siku alimwagia maji viatu vya mwenzake aliyemzomea, nikapata kazi ya kuwasuluhisha wote wawili. Siku nyingine alirudi na jagi tupu, macho mekundu, akatupa "nimerudi" kama anatukana. Nikasema karibu. Sikuuliza kitu, maana niliahidi, na mtoto wa namna ile anahesabu ahadi zako kuliko maneno yako matamu. Pole pole darasa zima likazoea. Yeye akisema nimerudi mlangoni, wao wanaitikia karibu bila hata kuinua vichwa kwenye madaftari.

Jambo moja tu lilinishinda kuelewa. Siku moja alikokotoa hesabu ngumu ubaoni, nikamsifu kwa sauti: "Mtoto mzuri, ana akili!" Akaifuta hesabu yote kwa kiganja, akapiga teke ndoo ya taka, akatoka mbio. Jagi hakuligusa.

Jioni hiyo nikaenda kwa mama yake mdogo, anayemlea. Ni mwanamke wa kazi ya kupiga pasi nguo za watu, nikamkuta barazani, shati la mtu likiwa mezani.

"Usimsifu mbele za watu, Mwalimu," akaniambia. "Dada yangu alipofariki, huyu alizungushwa kwa ndugu. Kila nyumba, siku ya kumtoa wanaita watu, wanamkalisha katikati. Mtoto mzuri, ana adabu, anajua kusaidia. Kumbe begi lake limeshafungwa, liko mlangoni." Akainua pasi isiunguze shati, akabaki ameishika hewani. "Na mimi nilikabidhiwa hivyohivyo. Walimsifu weee, mpaka nikaona aibu."

Kuanzia kesho yake nikawa namsifu kwa kidole. Nikipita karibu nagonga dawati lake kidogo, naendelea na safari yangu, na yeye anazidi kuandika.

Yote hayo nilimweleza Mkuu. Alinisikiliza kwa sikio moja, lile jingine likiwa kwenye simu.

Muhula ukafika mwisho na hakuna dawati lililopinduliwa. Mkuu alifurahi kweli, na hapo ndipo alipoharibu, maana ana ugonjwa tulio nao walimu wote: tukifurahi, lazima shule nzima ipige makofi. Asubuhi ya kufunga shule, watoto wakiwa wamejipanga uwanjani, bila kuniambia neno, akashika kipaza sauti akamwita msichana wangu mbele.

"Mtazameni huyu!" akanguruma. "Mtoto mzuri! Ana adabu! Mpigieni makofi!"

Maneno yaleyale. Nilikuwa nyuma kabisa, watoto wote wametutenganisha, nikaanza kujipenyeza huku naona kidole gumba kinakwaruza mshono wa sketi. Mbele yake palikuwa na meza yenye zawadi, kipaza sauti cha akiba, na jagi la kioo la maji ya Mkuu. Shingo ya sweta ikaanza kupanda. Makofi yalikuwa bado yanaporomoka.

Akanyoosha mkono. Akachukua jagi la Mkuu, akamgeuzia mgongo, akaondoka zake.

"Wewe! Nakusifu wewe!" Mkuu akaita. Hakugeuka. Kicheko kikasambaa uwanja mzima. Nilipofika mezani Mkuu alikuwa ameshusha kipaza sauti, jasho linamtoka.

"Umeona? Kanipa mgongo mbele ya shule nzima. Tulikubaliana, Mwalimu."

"Tulikubaliana akipindua. Meza yako hiyo imesimama, Mkuu, na kila kilicho juu yake kipo."

"Kachukua maji yangu!"

"Anakwenda kukuletea mengine. Msubiri."

"Na asiporudi?"

Bomba letu liko karibu na geti, na siku hiyo geti lilikuwa wazi kwa ajili ya wazazi. Nililiona hilo kama Mkuu alivyoliona. "Atarudi," nikasema.

Tukasubiri. Watoto walianza kunong'ona, walimu wakatazama saa zao. Mimi sikubandua macho kwenye ile njia ya bombani, nikiomba kimoyomoyo, na nikiwa tayari kupigana na yeyote atakayesema tuendelee bila yeye.

Akatokea. Alitembea taratibu, jagi kalishika kwa mikono miwili, limejaa mpaka linamwagikia sketi. Akaliweka palepale alipolitoa.

"Nimerudi," akamwambia Mkuu.

Mkuu akanitazama mimi. Kabla sijafungua mdomo, kutoka mstari wa darasa la tano ikaja sauti ya watoto, ya chini, ya mazoea: "Karibu."

Msichana akavuta pumzi. "Sasa naondoka lini?"

"Unaondoka kwenda wapi?"

"Si umenisifu."

Nilimwona Mkuu anakumbuka niliyomweleza, safari hii kwa masikio yote mawili. Alizima kipaza sauti. Mikono ya watoto ilikuwa imeshainuka tena kupiga makofi, akawapungia waishushe, kisha akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Huondoki," akasema.

"Na muhula ujao?"

"Na muhula ujao. Uko hapahapa, kwa mwalimu wako."

Akafikiri kidogo, kidole gumba kimetulia. "Basi lile jagi letu lisitolewe dirishani."

"Halitolewi," nikajibu mimi, kwa sauti iliyofika mpaka getini.