Sikuuliza Mara ya Pili

...maana kama hukuona, hukuona, ndivyo alivyoniambia wakili wa Mheshimiwa jana, mama, kamati inataka ulichokiona kwa macho yako, mambo ya kuhisi waachie wengine, na nikaitikia kwa kichwa kama mtoto wa shule, nikalala nimeridhika kabisa, sikuona, basi, leo nimekaa hapa kwenye korido mkoba mapajani na hilo neno moja nimelishika kama tiketi, sikuona, sikuona, viti vyenyewe vya plastiki vimeungwa kwenye chuma kimoja, binti wa mapokezi akitikisa mguu kule mwisho mimi huku natikisika, na katikati yetu viti vinne vitupu kwa sababu karani wa kamati ametuambia, mashahidi msizungumze, tafadhali, mtaitwa mmoja mmoja... sijamwangalia usoni, nimeangalia viatu vyake, amevipiga rangi, amekuja mbele ya waheshimiwa tisa amepiga viatu rangi, masikini... ndani sauti ya mwenyekiti inapenya mlangoni, nasikia nusu nusu, “hapa hatuhukumu kwa kelele za barabarani... Mheshimiwa atasikilizwa, na binti naye...” na ni kweli, zile kelele nimezipita getini asubuhi, upande huu wanaimba anasingiziwa, upande ule wanaimba aondoke, mama mmoja wa upande ule akanishika mkono, wewe si ndiye katibu wake, sema ulimwona, sema tu, nami nikamwambia niache dada yangu, nitasemaje nilimwona na sikumwona, sitaongeza chumvi hata chembe, mtu asife kisiasa kwa uongo wangu, hasa yeye, miaka kumi na moja namchapia barua, aliyebeba jeneza la mume wangu begani mwake wakati shemeji zangu wamesimama pembeni wanaangalia simu, mvua inanyesha, suti yote tope, akaniambia, “Dada, kuanzia leo mimi ndiye kaka yako,” na akawa kweli, jamani, akawa, ndiyo maana alipopiga simu wiki iliyopita hakuniomba niseme uongo, angeniomba ningekasirika na ingekuwa rahisi, alisema tu, “Dada, wewe unanijua mimi ni mtu wa namna gani,” nikasikia anapumua, nikasema nakujua kaka... nakujua...

...namjua hafungi mlango, hilo ndilo ninalolijua, miaka yote mlango wa ofisi yake uko wazi, mafundi, wapiga kura, wachungaji, wote wanaingia, siku ile tu ndiyo aliniambia nenda kale mapema leo, dada, haikuwa hata saa sita, nikashuka ngazi nikakumbuka miwani, nimeiacha mezani kwake wakati ananisomea barua, nikarudi, kwenye kiti cha wageni ofisini kwangu kuna mkoba wa binti, mkoba wa bluu, yeye hayupo, nikashika kitasa, kimefungwa kwa ndani, ndani kimya, kimya kile cha watu waliosikia kitasa, halafu sauti ya Mheshimiwa, “Nani?” Ni mimi, nimesahau miwani, “Baadaye, dada,” na kiti kikaburuzwa, kama mtu amekisukuma au mtu amesimama ghafla, sijui, hapo ndipo sijui, hapo wakili ana haki yake, sikuona... na nikaenda kula. Nilikula. Nilimaliza sahani, Mungu wangu, nikaomba na chai. Niliporudi binti alikuwa kwenye sinki la choo cha wafanyakazi ananawa, ananawa, kola imelowa hadi kifuani, nikauliza kuna nini wewe, akasema “Hamna kitu, mama,” na mimi nikaichukua ile hamna kitu kama mtu aliyepewa ruhusa, nikamwambia futa sakafu hiyo mtu asije akateleza... sakafu... ndicho nilichoona cha kumwambia, na wiki mbili baadaye akaja mezani kwangu kwa sauti ndogo, “Mama, naomba unihamishe, hata stoo, nitapanga mafaili,” nikasema vumilia mwanangu, kazi siku hizi hazipatikani, na bado alikuwa amesimama, bado ananiangalia, alikuwa anasubiri nimuulize tena, alinipa nafasi nzima, nami nikainama nikachapa. Na yule wa mapokezi kabla yake, aliyeacha kazi bila kuaga, barua yake ya kuacha kazi niliichapa mimi, “kwa sababu za kifamilia,” yeye hakuwa hata na familia mjini hapa...

...mlango unafunguka, karani anatoka na jagi tupu, “Bado kidogo, mama,” nami nasema haya mwanangu, bila wasiwasi, nashangaa sauti yangu, mlango unafungwa tena, na ninageuka, namwangalia binti sasa, usoni, naye ananiangalia, amekonda, nataka kumuuliza, hapa hapa, mwanangu ulifanywa nini mle ndani, na hairuhusiwi, siku zote zile iliruhusiwa na leo ndiyo hairuhusiwi... basi nitajibu nilichonacho, sikuona, ndiyo, nitaanza na hilo, kisha kitasa, kisha mkoba wa bluu, kiti kilichoburuzwa, maji kwenye kola, na stoo, na kwamba nilielewa kuna jambo nikachagua kutolijua, hilo hawataliuliza lakini nitalisema, liandikwe, uzito wake waupime wao, ndiyo kazi yao, na wakiniuliza alikuwa mtu wa namna gani nitasema na jeneza, na tope, sitamnyima haki yake hata moja... na atakuwa amekaa pale mbele ananiangalia, ataniita dada kwa macho tu, namjua, na bado nampenda, sijui upendo huo nitaupeleka wapi, hakuna ofisi ya kuupokea, nitayasema yote hayo nikiwa nampenda, na sauti ikinikatika nitaendelea hivyo hivyo...