Bati Likishashuka

Saa tisa mchana Thierry alikuwa ameketi chini ya meza ya kukatia turubai, magoti yamekaribia masikio, na tayari alikuwa amefundishwa maneno manne ya Kirusi ambayo hakuwa na pa kuyapeleka.

"Zonnedek," Papa Adrien alinong'ona kutoka upande wa pili wa mguu wa meza. "Hilo ni la Waholanzi. Turubai la kuzuia jua melini. Warusi walipolichukua, likawa zontik. Sasa sikiliza. Kwao -ik mwishoni ni ya vitu vidogo. Wakawaza, kama mdogo ni zontik, basi mkubwa wake yupo mahali. Wakakata mkia, wakapata zont. Mwavuli mkubwa."

"Yaani mtoto alimzaa mama."

"Ndivyo."

"Na sisi wakitukata mkia leo, Papa, tutabaki kuitwa nani?"

Mzee hakucheka. Alitazama simu, akaigeuza kifudifudi sakafuni.

Papa Adrien alikuwa Mrundi wa miaka sitini na kidogo. Ujanani alipelekwa Voronezh, Urusi, kusomea ualimu wa lugha, akarudi na shahada, koti zito na mazoea ya kuuliza kila neno limetoka kwa nani. Vita vilimfikisha Johannesburg, na Johannesburg haikuwa na haja na mwalimu wa Kirusi. Ikampa cherehani. Sasa hapa La Rochelle, mtaa wa kusini mwa jiji hilo, alishona miavuli mikubwa ya wachuuzi na mapaa ya turubai ya kutandaza mbele ya maduka. Thierry, kijana wa Uvira aliyemaliza sekondari na mdomo wake mzima, alikuwa mkataji wake mwaka wa pili sasa.

Ilikuwa Septemba ya 2019. Asubuhi ile habari zilifika kwamba watu wanavunja maduka ya wageni upande wa Turffontein na wanashuka kuja huku. Papa Adrien akateremsha bati la kukunja la mlangoni, akalitia kufuli kwa ndani, akazima taa. Ufunguo aliuning'iniza shingoni kwa uzi wa cherehani.

Kulikuwa na kanuni. Mwaka uliotangulia mtu alibisha hodi kwenye duka la jirani akaomba maji kwa Kizulu. Jirani akafungua, na nyuma ya yule mwenye kiu walikuwapo wengine thelathini wasio na kiu. Ndipo Papa Adrien akaandika kwenye kundi la WhatsApp la wenye maduka: bati likishashuka, hafunguliwi mtu asiyesema Kiswahili, Kirundi au Kifaransa. Wote wakaweka dole gumba.

Lakini Sonia alikuwa njiani. Binti wa pekee wa mzee, miaka kumi na tisa, msusi katika saluni mtaa wa Bertrams. Saa sita aliandika kwamba saluni imefungwa, amepata teksi, anakuja kwa baba. Tangu hapo simu yake haikupatikana. Ndiyo maana Thierry alimwacha mzee aendelee na maneno yake. Aliyaona yanafanya kazi gani.

"Waingereza nao," Papa Adrien alisema, "umbrella yao inatoka kwa umbra, kivuli, Kilatini."

"Hata sisi tunayo, Papa. Kivuli, mwavuli. Hatujamkopa mtu."

"Umeona?" Kidogo uso ukamfunguka. "Na shed, kibanda, ni ndugu wa shade. Kibanda si kingine, ni kivuli kilichotiwa kuta. Shelter, hifadhi, ndiyo wanabishania. Wapo wanaosema ilianza kwa askari waliosimama wamebananisha ngao."

"Bon, sisi ngao tunazo mbili. Mkasi na futi ya kupimia."

"Nilimfundisha Sonia yote haya. Hakushika hata moja. Ila zontik. Alipokuwa shule ya msingi, mvua ikinyesha nilikuwa nasimama getini na mwavuli, naita zontik, ili ajue ni mimi kati ya wazazi wote. Alikuwa anaona aibu mpaka anakimbia."

Suala la Sonia na lugha lilimgusa Thierry pabaya. Binti alizaliwa hapa, Kiswahili alikisikia chote lakini alijibu kwa Kizulu. Mwaka jana alijaribu kumhudumia mteja hapa dukani kwa Kiswahili, Thierry akamwigiza mbele ya watu mpaka duka zima likacheka. Sonia hakujaribu tena.

Kelele zilikuja kama mabati yanayoburutwa kwenye lami. Kioo kikavunjika mahali, watu wakashangilia, kelele zikapita kuelekea kona. Kisha bati lao likagongwa. Mara tatu, kwa kiganja.

"Ngicela uvule," sauti ilisema. Naomba ufungue.

Papa Adrien akafunga ufunguo ndani ya ngumi.

Likagongwa tena. Sauti ilikuwa ya chini, yenye pumzi fupi, na mlio wa bati uliivuruga. Kizulu tu.

"Ni mwanamke," Thierry alinong'ona.

"Mwaka jana pia alikuwa mwanamke."

"Labda ni Sonia."

"Sonia angesema Kiswahili, hata kibovu. Kanuni anaijua."

"Ameijulia wapi, Papa? Ulimwingiza kwenye kundi?"

Kundi lilikuwa la wenye maduka tu.

"Na hata angeijua," Thierry alisema, "aseme Kiswahili pale nje, leo? Wamsikie?"

Alitambaa mpaka kwenye bati, akabandika sikio. Lilikuwa la moto kwa jua. Upande wa pili mtu alikuwa amejibanza hapo hapo. Halafu, polepole, kama anayetaja tusi kanisani: "Zontik."

Papa Adrien hakusikia. Cherehani ilikuwa imekwishamla sikio la kushoto. Thierry aligeuka, akamtolea lile neno kwa midomo, bila sauti.

Mzee akauvua ufunguo shingoni. Thierry akauchukua, akafungua kufuli. Wakalivuta bati mpaka usawa wa goti, Sonia akaingia kwa tumbo, kiatu kimoja, nywele zimejaa vumbi, wakalishusha. Baba alimshika kichwa kwa mikono miwili.

Mnyororo wa kuvutia bati ulikuwa umepiga kelele. Haikupita dakika, bati likapigwa teke, na sauti ya kiume ikauliza ni nani aliyemo humo.

Thierry aliangalia mkasi. Sonia alipangusa pua, akajibu kwa Kizulu, kwa ile sauti ya kuchoka ya msichana aliyetumwa kazi asiyoipenda: duka ni la mjomba wake, limezolewa lote tangu asubuhi, yeye anafagia vioo, na anayetaka kumsaidia aje na ufagio wake. Nje mtu akacheka. Nyayo zikaondoka.

Wakarudi chini ya meza, watatu sasa, hakuna aliyeweza kunyoosha mguu. Papa Adrien alichukua simu, akabonyeza, akampa binti yake. Alikuwa amemwingiza kwenye kundi.

Sonia aliandika muda mrefu. Thierry alichungulia juu ya bega lake.

"Mimi Sonia mtoto ya Adrien. Sisi watoto tunaongea Zulu. Kama tunabisha, nyinyi mufungua."

Thierry alihesabu makosa, ilikuwa mazoea. Akayaacha hapo hapo. Kelele zilikuwa zinarudi kutoka kwenye kona, na Sonia akabonyeza kutuma.